Mwalimu Mstaafu wa Miaka Minne

Mama mkwe wangu hajawahi kuamini kwamba ninafanya kazi. Kwake yeye, kazi ni kitu kinachomtoa mtu nyumbani asubuhi na kumrudisha amechoka, ikiwezekana akiwa na vumbi kwenye viatu. Mimi siku tatu kwa wiki hukaa kwenye meza ya kulia chakula, kompyuta mbele yangu na kandambili miguuni, nikibonyeza. "Bado unabonyeza?" ndiyo salamu yake ya kila siku. Nikimwambia kwamba kubonyeza huko ndiko kunakowasha taa za nyumba hii, hujibu kwamba umeme wenyewe unaliwa na hiyo hiyo kompyuta, na hapo tunakuwa tumerudi tulikoanzia.

Tumeishi hivyo miaka sita. Mume wangu ni mpima ardhi. Wiki nzima yuko maporini na vigingi vyake, anarudi Ijumaa jioni, anakula, analala, na kabla hujamzoea ameshaondoka tena. Kwa hiyo nyumba ni yetu sisi wawili, mimi na mama yake. Sisemi kwamba tunachukiana. Nasema tu kwamba mimi hasira zangu ziko karibu, yeye maneno yake yako karibu zaidi, na jiko letu ni dogo.

Safari hii, hata hivyo, kazi yenyewe ilimgusa. Kliniki ya macho ambako alikuwa karani wa mapokezi kwa miaka ishirini na mmoja iliiomba ofisi yetu iwatengenezee mfumo wa kutuma ujumbe kwenye simu. Kila mwaka, mwezi wa tisa, huja daktari bingwa akakaa wiki mbili, akawapasua wagonjwa wa mtoto wa jicho asubuhi hadi jioni. Zamani watu walipigiwa simu mmoja mmoja. Mwaka huu matroni wa kliniki alitaka ujumbe uende wenyewe: Ijumaa saa nne asubuhi, watu mia mbili na kumi na sita waambiwe siku yao, na kila mmoja ajibu kabla ya Jumatatu. Asiyejibu anapoteza nafasi. Daktari akishaondoka ameondoka, mpaka mwaka ujao, na mwaka mzima ni mrefu sana kwa mtu ambaye tayari anapapasa ukuta akienda chooni.

Jumatano baada ya chakula cha mchana nikafungua faili la wagonjwa. Lilianza Januari. Nusu ya kwanza ilikuwa kazi ya mama mkwe, mpaka alipostaafu mwisho wa Juni kwa ombi lake mwenyewe. Nusu ya pili ilikuwa ya karani mpya aliyeshika kiti chake. Mikono yao huwezi kuichanganya. Karani mpya huandika nambari ya simu kwa mkupuo, tarakimu zote kumi zimebanana. Mama mkwe huandika kwa jozi: mbili, nafasi, mbili, nafasi, mpaka jozi tano, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akimsomea mgonjwa ili ahakikishe. Halafu bila hata mkato, anaacha nafasi nyingine na kuandika umri.

Mashine ya kutuma ujumbe haitaki nafasi. Inataka tarakimu kumi zilizoshikana, mkato, basi. Ningeweza kurekebisha mstari mmoja mmoja kwa mkono, lakini mtu anayejua rejeksi harekebishi kwa mkono, anaona kama ni kujidhalilisha. Rejeksi, kwa asiyeijua, ni namna ya kuieleza kompyuta sura ya kitu badala ya kitu chenyewe. Huiambii itafute nambari ya fulani. Unaiambia: tafuta tarakimu, huenda ikafuatwa na nafasi, huenda isifuatwe, na hilo lijirudie mara kumi. Chochote chenye sura hiyo kikamate, kishikanishe, weka mkato mwishoni. Mstari mmoja wa alama zinazofanana na vinyesi vya kuku, na kazi ya siku nzima imeisha.

Nikaandika, nikabonyeza. Zimepatikana mia mbili na kumi na sita, zimebadilishwa mia mbili na kumi na sita. Hakuna raha kama hiyo, na mimi raha zangu siwezi kuzila kimya kimya.

"Mama," nikasema, "kazi yako ya miezi sita nimeimaliza kwa sekunde mbili."

Alikuwa upande wa pili wa meza, anachambua maharage kwenye sinia, uso wake umeelekea dirishani.

"Mimi nilikuwa naongea na watu," akasema. "Wewe umeongea na nani?"

Nikajifanya ninakagua kazi. Nilipita orodha kwa haraka, mstari baada ya mstari, mpaka nikafika mahali nikacheka kwa sauti.

"Haya, mama, hebu nieleze. Mwezi wa nne mlimpokea mwalimu mstaafu mwenye miaka minne. Amefundisha lini? Na huyu hapa fundi saa, ana mwaka mmoja. Kweli fani iko kwenye damu!"

Nilitegemea anirudishie, maana si mtu wa kuacha mpira upite. Lakini vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya maharage.

"Mwalimu mstaafu yupi?"

"Wa jicho la kulia."

"Huyo ana miaka sitini na nne," akasema polepole.

Akasukuma sinia katikati ya meza, akainuka, akaingia chumbani kwake na kurudishia mlango. Nilikaa nikiutazama ule mlango. Katika miaka sita sikuwahi kumwona akiondoka mezani bila kuwa na neno la mwisho.

Nikafungua faili la mwanzo, lile ambalo sikuligusa, nikamtafuta mwalimu. Nambari yake ilikuwa na jozi nne na tarakimu moja peke yake. Jumla tisa. Halafu nafasi, halafu sitini na nne. Rejeksi yangu ilikuwa imeambiwa itafute kumi, ikakuta tisa, ikaenda kuazima kwa jirani. Ikachukua ile sita ya umri, ikaigandisha mwishoni mwa simu, ikamwachia mwalimu wa watu miaka minne. Fundi saa naye hivyo hivyo. Haikukosea hata kidogo. Ilifanya nilivyoiambia, na mimi ndiye niliyeiambia "huenda ikafuatwa na nafasi" kama mtu anayemwachia mwizi dirisha wazi.

Nisingecheka, Ijumaa ile nambari za uongo zingepokea ujumbe wa upasuaji. Mgeni fulani angesoma kwamba anatakiwa aje na jicho lake la kulia, angefuta na kuendelea na shughuli zake, na mwalimu angekaa nyumbani akingoja simu mpaka daktari aondoke. Halafu, kama kawaida yangu, woga ukageuka hasira, na hasira ikatafuta mtu wa kumwangukia. Miaka ishirini na mmoja kazini, nikasema moyoni, na nambari ya simu inamshinda!

Nikaandika rejeksi nyingine, safari hii kali, isiyo na huenda. Jozi tano kamili, nafasi moja, umri wa tarakimu mbili. Au kumi zilizobanana kwa mtindo wa karani mpya. Kisha nikaigeuza: nionyeshe kila mstari usiofanana na sura hiyo. Ikaleta mistari thelathini na mmoja. Yote ni ya mama mkwe. Nikaipanga kwa tarehe, nikitaka kuingia na kompyuta yangu chumbani kwake na kumwonyesha ushahidi.

Januari hakuna. Februari hakuna. Machi mstari mmoja, katikati ya mwezi. Aprili minne. Mei tisa. Juni kumi na saba, na katika wiki yake ya mwisho ya kazi karibu kila mgonjwa aliyemwandika.

Niliisoma ile orodha ya tarehe mara mbili, na hasira ikaniishia.

Mwezi wa nne ndio tuliogombana kwa sababu ya vyombo. Glasi zilikuwa zinatoka kabatini na povu lililokauka, sahani zina makombo pembeni. Siku moja chai ilitiwa chumvi. Nilimwambia, na nilisema kwa sauti ambayo jirani aliisikia, kwamba kama kazi za jikoni zimemshinda aseme tu kuliko kutulisha sabuni. Akasema, "Samahani, nimezeeka." Hajawahi kuniomba samahani kabla ya hapo wala baada ya hapo, na mimi niliichukua kama ushindi. Nilimpigia mume wangu simu kumsimulia. Mwezi wa sita alijikwaa kwenye waya wa kompyuta yangu uliopita sakafuni, na nilichouliza kwanza ni kama kompyuta iko salama. Kliniki walipomuaga walimpa saa ya ukutani. Imetundikwa chumbani kwake, kubwa kama sinia, na kila siku aliniuliza saa ngapi, nami nikidhani ananisema kwamba nachelewa kupika.

Nikaangalia yale maharage. Safi, hayana jiwe hata moja. Aliyachambua yote kwa vidole, moja moja, macho yakiwa dirishani, mita moja kutoka usoni pangu. Niliona aibu.

Nikabisha hodi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Umepata ngapi?" akauliza.

"Thelathini na moja."

"Mungu wangu." Akahesabu kwa vidole. "Nilidhani ni kama kumi."

Nikakaa kando yake. Sikujua pa kuanzia, nikauliza swali la kijinga kuliko yote. "Unaniona?"

"Najua ulipo. Mwanga nauona. Mtu akisimama mlangoni namwona kama nguo iliyotundikwa. La kushoto lilianza kitambo, la kulia likafuata." Alizungumza bila haraka, kana kwamba anasimulia habari za mgonjwa mwingine. "Kuandika nilikuwa naandika kwa mazoea, vidole vinajua njia. Mgonjwa anataja nambari, namrudishia mbili mbili, anasema ndiyo. Kusikia nilisikia sawasawa. Ila kidole kikiruka, nitajuaje? Kioo chote cha kompyuta kwangu kilikuwa shuka jeupe."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nimwambie nani? Karani wa kliniki ya macho haoni! Ningekuwa kichekesho cha mtaa mzima. Watu wangekuja kunitazama hata wasioumwa." Alicheka kidogo, halafu hakucheka tena. "Na wako wale wanne."

"Wanne gani?"

"Wewe unasikia habari za waliopona. Mimi nimewaandika wote. Miaka ishirini na mmoja, wanne hawakuona baada ya bandeji kutolewa. Ni wachache, daktari mwenyewe anasema ni wachache sana. Lakini mimi ndiye niliyewaandikia kadi ya kurudi, na mmoja alinishika mkono akaniuliza kama kadi hiyo ina rangi gani."

Nje mtu alikuwa anapiga honi kwenye geti la jirani.

"Na wewe," nikasema, "uko kwenye orodha?"

"Simo. Ningejiandikaje?" Akainuka, akajinyoosha nguo. "Tuache habari zangu. Hao thelathini na mmoja ni wangu, nimewaharibia mimi. Leo ni Jumatano. Leta hiyo kompyuta yako."

Tulianza jioni ile na kuendelea Alhamisi tangu asubuhi. Mimi nilisoma mstari, yeye aliinamisha kichwa na kusikiliza. Sikuwa na matumaini makubwa, nakiri. Nilikuwa nimeshapanga kumpigia matroni na kumwomba Ijumaa iahirishwe. Lakini mstari wa kwanza tu, mshona mapazia wa jicho la kushoto, mama mkwe akatikisa kichwa na kutaja nambari nzima, jozi tano, kwa sauti ya mapokezi. Nikampigia. Akapokea mshona mapazia mwenyewe.

"Umewezaje?" nikauliza.

"Aliitaja, nikairudia, akaisema tena. Kitu nikishakitamka mara mbili hakitoki." Akachukua simu mkononi mwangu. "Haloo, mimi ni yule mama wa mapokezi mwenye kelele. Eeh, huyo huyo. Macho yanaendeleaje?"

Nambari kumi na nane alizitoa kichwani hivyo hivyo. Mbili alikosea tarakimu ya mwisho, tukaamsha watu wasiohusika, tukaomba radhi. Wengine aliwafikia kwa kuzunguka. Fundi saa hana simu inayokaa na chaji, lakini mama mkwe alikumbuka kwamba kibanda chake kinatazamana na duka la rangi, na duka la rangi lina nambari iliyoandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Karani mpya, kijana mpole aliyeogopa kama amefanya kosa yeye, alitoka kazini saa ya chakula akaenda kuisoma. Muuza magodoro alitukatia simu mara tatu akidhani sisi ni matapeli, mpaka mama mkwe akamkumbusha kwamba siku ya kupimwa alikuja amevaa soksi za rangi mbili tofauti na yeye ndiye aliyemstahi. Ndipo akacheka na kusikiliza.

Mimi nilikaa nikirekebisha mistari kwa mkono, mmoja mmoja. Saa sita bosi wangu alipiga kuuliza imekuwaje kazi ya saa mbili inakula siku ya pili.

"Naongea na watu," nikamwambia. Mama mkwe akaguna upande wa pili wa meza, na najua alifurahi.

Kufika saa tisa alasiri tulikuwa tumebakiza mmoja, yule mwalimu mstaafu. Nambari yake mama mkwe aliijua, ila tangu asubuhi ilikuwa haipatikani. Tukajaribu tena, na safari hii ikaita.

"Ah, dada wa mapokezi!" sauti nene ikasema. Nilikuwa nimeiweka simu mezani, tunasikia wote. "Mimi watoto wangu walinipeleka hospitali nyingine mwezi uliopita. Nimeshapasuliwa. Hivi tunavyoongea nasoma gazeti, mpaka matangazo ya vifo nayasoma yote. Nafasi yangu mpeni mwenye shida."

Tukampongeza, tukaagana. Mama mkwe akashusha pumzi ndefu.

"Thelathini na moja," akasema. "Mfute huyo, tumemaliza."

Sikufuta. Kwanza nilimpigia matroni, simu ikiwa pale pale mezani, nikamwambia orodha iko tayari na nafasi moja imerudi. Nilitaka kujua kama kuna aliyekuwa anaisubiri.

"Hakuna," matroni akasema. "Wote waliopimwa wakafaa tuliwaingiza. Ukiwa na mtu, mlete kesho saa moja na nusu nimpime mwenyewe, akifaa namwekea. La sivyo meza ya upasuaji itakaa bure."

"Nitakupigia baada ya dakika tano, matroni."

Nilipokata, mama mkwe alikuwa tayari anatikisa kichwa.

"Hapana. Watajua wote. Matroni atahesabu miezi kama ulivyohesabu wewe."

"Na ahesabu! Leo umewapata watu thelathini na mmoja ambao kompyuta iliwapoteza. Hilo nalo tutamwambia."

"Usinipandishie sauti."

"Sijapandisha." Nilikuwa nimepandisha. Nikaishusha. "Mama, unaogopa kuwa wa tano. Mimi siwezi kukuahidi kitu, najua kompyuta tu, na hata hiyo jana imeniaibisha. Lakini nitakuwa nje ya mlango tangu unaingia mpaka unatoka. Na mwezi wa nne nilikusema vibaya. Nilikuwa na macho mawili mazima na sikuona kitu. Nisamehe."

Alitafuta mkono wangu juu ya meza mpaka akaupata.

"Mwezi wa pili pia ulinisema vibaya, kwa zile sufuria," akasema.

"Mwezi wa pili ulikuwa unaona!"

"Nilikuwa naona. Zile niliziosha vibaya makusudi."

Tulicheka mpaka nikaegemea meza. Yeye alijifuta machozi kwa upindo wa kanga, na kwa muda sikujua kama bado anacheka. Halafu akaketi wima, akaweka viganja vyote viwili mezani, kama nilivyowahi kuwaona wagonjwa wake wakifanya mbele ya dirisha la mapokezi.

"Haya," akasema. "Niandike."

Nikaweka alama ya kuandikia kwenye mstari wa mwalimu. Sikuufuta, nilianza kuubadilisha neno kwa neno.

"Kazi?"

"Karani."

"Niandike mstaafu?"

"Andika karani."

"Umri?"

"Sitini na mbili."

"Mama."

"Sitini na saba. Hiyo kompyuta nayo, kila kitu inataka kujua."

"Jicho?"

Akagusa la kushoto kwa kidole, kisha la kulia. Nilisubiri, mikono juu ya vitufe.

"Yote mawili," akasema. "Daktari aanze na la kushoto, ndilo la zamani."

Nikaandika. Palibaki nafasi moja, nambari ya ndugu wa karibu, yule wa kupigiwa siku ya upasuaji likitokea lolote. Ya mume wangu naijua kwa moyo, kwa hiyo niliuliza kwa kutimiza wajibu tu huku nimeshaanza kuiandika.

"Ndugu wa kupigiwa?"

Akaanza kutaja. Tarakimu ya tatu haikuwa ya mwanawe. Ya nne haikuwa, na ya tano. Aliitaja yangu, yote, bila kusita mahali, kisha akairudia kutoka mwanzo kama anavyomrudishia mgonjwa, akangoja nimwambie ndiyo.

"Ndiyo," nikasema, nikafuta nilizokwisha kuandika, nikaanza upya.